Mtoto Aliyeitwa Mgeni

Kikohozi kimoja tu.

Kilisikika katikati ya usiku, kikavu, kifupi, kisha nyumba ikanyamaza tena. Manyunyu yalikuwa yamekatika juu ya bati. Mbwa wa jirani hakubweka. Mtu mwingine yeyote angegeukia upande wa pili na kuendelea na usingizi wake.

Nakijwa hakugeuka. Aliketi kitandani, akapeleka mkono gizani mpaka ukagusa kifua cha binti yake, akasikiliza pumzi. Ikaja. Ikaenda. Ikaja tena. Alingoja kikohozi cha pili mpaka majogoo wakawika, na hakikuja, na hata hivyo hakulala.

Usimcheke. Watoto wake watatu wa kwanza walianza hivyo hivyo.

Kijiji chao kilikuwa juu milimani, mahali ambapo msimu wa baridi ukungu huingia mpaka jikoni na kuni hugoma kuwaka. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mtoto akizaliwa, hakuna anayeruhusiwa kulitamka jina lake mpaka mama mzazi alitamke kwanza. Mama husimama mlangoni na kichanga mikononi jua linapochungulia, hulitaja jina kwa sauti, na majirani waliokusanyika uani hulipokea kwa vigelegele. Baada ya hapo baba, shangazi na dunia nzima huwa na ruhusa ya kumwita.

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni pale mara tatu. Mara tatu alitaja jina, na mara tatu akapigiwa vigelegele. Na kila mara msimu wa ukungu ulipofika, kifua kidogo kilianza kukohoa, na mume wake Mbazi akachukua jembe akaenda nyuma ya migomba kuchimba kaburi fupi.

Wa nne alipozaliwa, wa kike, majirani walikuja kama kawaida. Jua likachungulia. Jua likapanda. Mlango haukufunguliwa.

"Mke wa Mbazi, miguu inatuuma huku!" aliita Mama Ombeni, jirani wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke asiyeweza kulala na neno mdomoni. "Tupe jina tukapike!"

Sauti ikatoka ndani: "Nendeni mkapike. Huyu ni mgeni tu. Akiamua kukaa, nitawaambia."

Basi hilo ndilo likamkaa mtoto. Mgeni. Alitambaa akiitwa Mgeni, akatembea akiitwa Mgeni, akajifunza kuitikia. Na kwa kuwa kule mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake aliye hai, mama yake alirudi kuitwa vile vile alivyoitwa alipoingia kijijini akiwa bibi harusi: mke wa Mbazi. Wenzake wote walikuwa mama fulani. Yeye alikuwa mama wa kimya.

Moyoni alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Wale niliwataja, wakaondoka. Huyu sijamtaja, yupo. Alisadiki kwamba sauti yake mwenyewe, pale mlangoni, ndiyo iliyoyaonyesha mauti mahali pa kuingilia. Kwa hiyo akaifunga. Hata katika sala zake za jioni alimwombea mume, akamwombea mama mkwe, akawaombea mbuzi na maharage. Akifika kwa mtoto, alinyamaza na kuruka, kama mtu anayeipita nyumba yenye mbwa mkali kwa ncha za vidole. Hakutaka hata Mungu ageuke kumtazama.

Miaka ikaenda. Mgeni akawa msichana wa miguu myembamba na maswali mengi. Na mwaka ule, mwanzoni mwa msimu wa ukungu, jino lake la mbele likang'oka.

Jino hilo lilikuwa jambo kubwa, na ni vizuri nikueleze kwa nini.

Juu ya kijiji kulikuwa na bwawa dogo la udongo lililokusanya maji ya mlimani, na mfereji ulioyateremsha mashambani. Kila mwaka watu wote walitoka msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakazoa matope yaliyojaa ndani yake. Kazi ikiisha, ilifuata Siku ya Maji, siku ya kufungua kizibo. Siku hiyo kila mtoto aliyeanza kung'oka meno alipewa kitalu chake cha kwanza cha maharage na zamu yake ya maji, akahesabiwa kuwa mtu wa kijiji.

Ilifanyika hivi. Mtoto alisimama mwanzo wa ukingo wa bwawa. Mama yake alisimama mwisho wake. Mama aliita jina, na mtoto akatembea peke yake juu ya ukingo ule mwembamba, maji upande huu, mteremko upande ule, mpaka mikononi mwa aliyemwita. Hayo tu. Lakini kule juu utawakuta watu wenye mvi ambao wamesahau siku ya harusi yao na bado wanakumbuka sauti ya mama yao ikivuka maji.

Mwitaji ni mama. Bibi huruhusiwa kuita ikiwa tu mama amefariki.

Jioni ile, saa chache kabla ya kikohozi, Mgeni alikuwa ameingia jikoni na jino kwenye kiganja.

"Mama, tazama. Limetoka lenyewe, sikulivuta."

"Nimeliona."

"Kwa hiyo utaniita?"

Nakijwa alikuwa amepiga magoti anapuliza moto. "Mwaka huu maji ni ya baridi sana."

"Lakini siingii majini, Mama. Napita juu tu." Mgeni alichuchumaa karibu yake. "Ombeni anasema wewe hulijui jina langu. Ati umelisahau."

"Mwambie Ombeni afute kamasi zake kwanza."

"Kwa hiyo unalijua?"

Moshi ulimwasha machoni. "Ninalijua."

"Ni refu au fupi?"

"Mgeni, leta kuni."

Mtoto akaleta kuni, akazipanga vizuri, kisha akarudi palepale. "Niambie kitu kimoja tu, halafu sikusumbui tena. Ni zuri?"

Nakijwa alipuliza mpaka moto ukashika. Halafu, kwa sababu uso ule wenye pengo ulikuwa karibu mno na uso wake, neno likamponyoka.

"Ni zuri. Ni zuri sana."

Mgeni alikwenda kulala akitabasamu. Na usiku huo huo akakohoa.

Sasa unaelewa kwa nini mama yake hakulala. Nimefungua mlango, alijisemea. Nimefungua kidogo tu, na tayari mauti yameanza kuingia.

Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, mkubwa vile, akateremka naye mpaka zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua, akamtazama koo, akamgeuza huku na huku.

"Anaitwa nani?"

"Mgeni."

"Mgeni nani?"

"Mgeni tu, Sista."

"Mama, hapa benchi zima ni wageni. Nauliza jina lake."

"Ndiyo hilo tulilonalo kwa sasa."

Muuguzi alimtazama mtoto. Mtoto akajibu kwa heshima kubwa: "Lipo lingine, Sista, lakini bado halijatoka. Mama anasema ni zuri."

Muuguzi akacheka, Nakijwa hakucheka. "Haya. Huyu ana mafua ya baridi, mama. Kifua chake ni safi. Mpe vitu vya moto, mfunike, usimweke kwenye moshi. Akibadilika, mrudishe. Lakini mimi naona atakuwa anaruka kamba kabla hujamaliza kuhangaika."

Kifua chake ni safi. Njia nzima ya kupanda mlima Nakijwa alilirudia neno lile, na njia nzima hakuliamini. Maana mtu aliyekwisha kuzika hasikii neno "mafua" kama tunavyolisikia mimi na wewe.

Siku ya msaragambo alikwenda kuzoa matope na wenzake kwa sababu asiyekwenda hupigiwa kelele. Wanawake walisimama mstari mmoja bwawani, matope hadi magotini, makarai yakipita mkono kwa mkono.

"Mke wa Mbazi," alisema Mama Ombeni akimpokeza karai, "nasikia jino limeng'oka. Sasa tutamwitaje pale ukingoni? 'Wewe, njoo'?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Au 'hodi, mgeni'!" Kicheko kikazidi.

Nakijwa alilipokea karai, akalimwaga, akalirudisha. "Hamwiti mtu. Anakohoa. Tutakaa nyumbani."

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu. Wote walikumbuka kwa pamoja. Mama Ombeni ndiye aliyemwosha yule mtoto wa tatu alipofariki, kwa mikono yake, na maji ya moto aliyachemsha yeye. Aliangalia matope yake, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeizoea: "Pole, dada. Mdomo huu utaniponza."

"Nimeshauzoea mdomo wako. Pitisha karai."

Nyumbani jioni hiyo mama mkwe wake, Bibi Damari, alikuwa ameketi jikoni anachambua mbegu. Bibi huyo alikuwa mdogo wa umbo na mwingi wa shughuli, na tangu mwanawe Mbazi aende kufanya kazi ya mkonge bondeni, yeye ndiye aliyekuwa mwenzake Nakijwa wa shamba na wa chakula.

"Nimesikia hamwendi," alisema bila kuinua macho.

"Anakohoa, Mama."

"Nusu ya watoto watakaopita pale watakuwa wanakohoa. Ni msimu wake." Akatupa mbegu mbovu pembeni. "Basi niache nimwite mimi."

"Kwani mimi nimekufa, Mama?"

"Haya, nimenyamaza."

Lakini hakunyamaza. Baada ya kitambo akasema, "Binti yangu, mtoto yule analala na jino lake ndani ya ngumi. Umeona?"

Nakijwa alikuwa ameona. Kila usiku alikifungua kile kiganja chenye joto, akalitazama lile jino, akakifunga tena.

Siku ya Maji ikafika. Mbazi alikuwa amepanda usiku kutoka bondeni akiwa na ruhusa ya siku moja. Alikuta mtoto amelala, mke wake amekaa macho, na nguo safi zimeanikwa juu ya kamba kana kwamba nyumba yenyewe haijaamua kama inatoka au inabaki. Alivua koti lake, akamfunika nalo binti yake, asiulize kitu. Mbazi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa amechimba mara tatu, na maneno yake mengi yalibaki kule nyuma ya migomba.

Kulipoanza kupambazuka Nakijwa alitoka kukata majani ya mbuzi. Ukungu ulikuwa mzito, migomba imesimama ndani yake kama watu wanaosubiri kuitwa. Akasikia mtu anazungumza.

Alikuwa Bibi Damari. Alikuwa ameinama kwenye vile vilima vitatu vidogo, anang'oa magugu, na huku anang'oa anaongea, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia habari za jana kwa jirani.

"Asante kwa Yonazi, Bwana, aliyecheka kama baba yake. Asante kwa Eliapenda. Alikuwa akikishika kidole changu hataki kukiachia, wewe unakumbuka. Asante kwa Anaeli, aliyeondoka kabla sijajua macho yale ameyatoa kwa nani. Ulitupa, tukawabeba, tukawafurahia. Hatukuwakopa wala hatukuwaiba. Nao wako kwako."

Nakijwa aliushika mgomba. Majina yale hakuwa ameyasikia tangu siku za mazishi. Alidhani yatamchoma. Hayakumchoma. Yalimwingia taratibu kama uji moto unavyoingia tumbo lenye njaa, na akajikuta anakumbuka kicheko kile, na kidole kile, vitu alivyokuwa amevizika pamoja na wenyewe.

Bibi akang'oa gugu jingine.

"Na asante kwa huyu tuliyenaye ndani," akasema, kisha akalitaja jina.

Jina lenyewe. Zima. Bila kunong'ona, kama mtu aliyelizoea.

Nakijwa alitoka ndani ya ukungu kama aliyesukumwa. "Mama! Umemtaja!"

Bibi Damari alishtuka, akashika kiuno, akanyooka polepole. "Ee, binti yangu. Umenisikia."

"Umelipata wapi?"

"Kwako. Ulikuwa na mimba yake, tunapukuchua mahindi pale barazani, ukaniambia, 'Mama, huyu akiwa wa kike nitamwita hivi.' Ulikuwa unacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kukusikia ukicheka hivyo, ningesahauje?"

"Na umeanza lini kumtaja?"

"Asubuhi aliyozaliwa. Wewe ulipokataa kufungua mlango, mimi nilipitia nyuma, nikaja hapa, nikamtaja mbele za Mungu. Sijaacha siku hata moja."

"Siku zote hizi?" aliuliza Nakijwa. "Mama, ungemuua!"

Bibi alimtazama kwa upole. "Amekufa?"

Nakijwa aligeuka kuitazama nyumba.

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya Mgeni akimwonyesha baba yake pengo la jino, na sauti ya Mbazi akijifanya kushangaa. Wanawake wawili walisimama wakisikiliza.

Fikiria mtu aliyeuegemea mlango kwa mgongo usiku kucha, miguu inakufa ganzi, akiamini kwamba akisogea tu kidogo mwizi ataingia. Kisha kunakucha, anageuka, anaona mlango ule ulikuwa wazi tangu jioni. Na ndani hakijaguswa kitu. Ndivyo alivyokuwa Nakijwa. Kimya chake, alichokilinda kwa miaka yote ile kwa gharama kubwa, kilikuwa kimevunjika siku ya kwanza kabisa. Hakikuwahi kumkinga mtoto hata kwa siku moja.

"Basi ni nani aliyekuwa anamlinda?" aliuliza, na lilikuwa swali la kweli.

"Si mimi," alisema Bibi Damari. "Wala si wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuona umekishika kimya chako kama mtu anayening'inia korongoni kwa kamba. Nikasema, nikimwambia kamba hii haijafungwa popote, ataanguka. Leo umesikia mwenyewe." Akamtazama toka juu mpaka chini. "Na bado umesimama."

Nakijwa aliketi pale pale kwenye majani mabichi, kando ya vilima vile vitatu, akalia. Bibi hakumzuia. Aliendelea na magugu yake mpaka kilio kikapungua.

"Mama," alisema hatimaye, "wale watatu niliwataja kwa mdomo wangu."

"Najua."

"Na wakaondoka."

Sasa Bibi aliacha magugu. Alimshika kidevu kwa mkono wenye udongo, akamwinua uso. "Nisikilize. Sauti yako haikuua mtu. Waliondoka kwa ugonjwa, mbali na barabara ya hospitali, misimu ambayo hata watu wazima walizikwa. Kwa nini Mungu aliruhusu, sijui. Nimemuuliza mpaka nimechoka kuuliza. Lakini hili ninalijua, nilikuwepo: kitu kizuri kuliko vyote watoto wale walichokisikia hapa duniani ni mama yao akiwaita."

Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Kule juu mtu alikuwa anapiga debe kuwaita watu bwawani.

"Na nikimwita leo," Nakijwa aliuliza, "halafu kesho kikohozi kikawa kingine?"

"Sitakudanganya. Kesho sijaiona." Bibi Damari alikung'uta mikono. "Mimi hushukuru kwa ninachokiona. Leo yupo, ana njaa, na anamsumbua baba yake."

Bwawani watu walikuwa wamejaa pande zote. Mgonja, msimamizi wa maji, mtu mnene mwenye sauti iliyomtosha yeye na jirani zake, alisimama juu ya kizibo akipanga watoto.

"Msikimbie! Ukingo hauli mtu, lakini maji yanalowesha! Wewe, mbona umevaa viatu vya kaka yako? Vua!"

Mmoja mmoja wakaitwa. Mmoja mmoja wakavuka, mikono imetandazwa, macho kwa mama. Ombeni aliteleza katikati, mguu mmoja ukazama hadi gotini, na mama yake akapiga kelele, "Njoo hivyo hivyo! Hata baba yako alifika amelowa!" Watu wakacheka mpaka mlima ukaitika.

Mgonja akatazama kulia, akatazama kushoto. "Wamekwisha?"

"Bado mmoja," sauti ikasema.

Watu wakageuka. Nakijwa alikuwa anapita kati yao, khanga imelowa umande, macho mekundu, na alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ukingo, mahali wanaposimama akina mama.

Mama Ombeni alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ng'ambo ya pili, mwanzo wa ukingo, Mbazi alikuwa amechuchumaa, akimfunga binti yake vifungo vya koti ambalo lilimfika miguuni. Akamwachia. Mtoto akabaki amesimama peke yake, mdogo sana katika ukungu ule, akitazama mbele. Alikohoa mara moja, akajifuta pua kwa mkono wa koti. Akangoja.

Nakijwa alifungua mdomo, na sauti haikutoka.

Alifumba macho. Sala aliyoizoea ilimjia, ya mume na ya mbuzi na ya maharage, na safari hii alipofika pale alipozoea kuruka, hakuruka. Alisimama.

Bwana, yule pale. Umenipa mpaka ameng'oka jino. Nilikuwa namficha wewe usimwone, na kumbe ni wewe uliyekuwa umemshika. Asante. Asante kwa wale watatu pia, sijawahi kukuambia. Kesho ni yako. Leo nimeiona, na ni nzuri.

Akafumbua macho. Akavuta pumzi mpaka khanga ikakaza kifuani. Kisha, kwa sauti ambayo kijiji hakikuwa kimeisikia tangu miaka ile ya mlangoni, sauti iliyovuka maji na ukungu na kumfikia mtoto aliyekuwa tayari ameinua mguu, akaita:

"Namsifu!"

Funzo: Kumtumaini Mungu si kuhakikishiwa kwamba hatutapoteza tena, ni kumshukuru kwa sauti kwa alichotupa leo, hofu ikiwa bado haijaondoka, na kumwachia yeye kesho. Kama unamjua mtu anayepita katika msimu wa ukungu, mfikishie hadithi hii, na mkumbushe kwamba aliyemshika hajamwachia.